Risasi Iliyonuka Kitunguu

Alhamisi, 2 Mei 1912

Bwana Mizani amenipa madaftari mawili. La kwanza ni la risasi. La pili, kasema, ni la kujifunzia tarakimu, maana saba yangu inafanana na moja. Tarakimu nitajifunzia mchangani. Hili la pili nimelichukua. Langu!

Niandike kazi yangu, siku moja nikisoma nicheke. Mimi Neli, Mkisi, mtoto wa mfinyanzi, mke wa Ambilikile wa Ndandalo, kazi yangu ni kuingiza mkono ndani ya mnyama aliyekufa na kutafuta risasi. Bwana alihangaika mwezi mzima kupata mtu. Wanaume waliosoma misheni hawataki kushika matumbo. Wanaoshika matumbo hawajasoma. Mimi naweza yote mawili. Na mikono iliyokulia kwenye udongo wa vyungu haihitaji macho.

Bwana si mtu wa boma. Ni mwindaji tu, ana ruhusa ya kupiga viboko wanaotumalizia mpunga. Lakini mpunga haumkoseshi usingizi. Kinachomkosesha ni risasi: ikiingia inafanya nini? Inasimama wapi? Inatoka na umbo gani? Kila ninayoitoa anaiosha, anaipima kwenye kimizani chake cha shaba, anawaandikia wenzake Ulaya. Ndipo watu wakamwita Mizani. Jina la kwao linanivunja ulimi.

Anazo za aina mbili. Ya ncha imevaa koti gumu mwili mzima, kichwa kama sindano. Ya pua laini koti lake limekatwa juu, madini tupu ya risasi yanachungulia, kama mtu aliyevua kofia.

Leo ilikuwa zamu ya ncha. Tohe, yule swala wa matete, hatua tisini. Imeingia ubavu huu, imetoka ule, tundu la kupitisha kidole kidogo — na tohe kaondoka mbio kana kwamba ameitwa nyumbani! Ambilikile, ambaye humbebea Bwana bunduki ya pili, kamfuata mpaka saa sita mchana. Nikaandika: "Imepita bila kusema kitu." Bwana kasema hicho si kipimo. Nimefuta.

Jumamosi, 4 Mei

Zamu ya pua laini. Nguruwe pori wawili. Lo!

Ikigusa mfupa inafunguka kama uyoga. Bega zima limekuwa uji, mifupa imesambaa humo kama vijiti. Bwana anacheka peke yake, kalamu inakimbia. Yohana mpishi kafunua ngozi, kachungulia, kauliza: "Hii nyama niipike au niinywe?"

Risasi ya kwanza nimeitoa, uyoga mzuri kabisa. Ya pili nimeitafuta mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko. Hakuna. Daftari la kwanza linasema: imepotea.

Jumapili, 5 Mei

Imepatikana. Yohana kaipata kwa jino, katikati ya mchuzi wa vitunguu. Kapiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Kanipa mimi kimya kimya, maana hataki Bwana ajue kwamba mpishi hula kwanza. Nimeifunga kwenye pindo la nguo nikasahau kuipeleka.

Si kweli. Sikusahau. Ni nzuri, nimeipenda.

Baada ya ibada nikapita kwa mama mkwe, Marta. Kiboko dume ameingia tena shambani mwao. Mpunga umelala kama mkeka, nyayo zimejaa maji. Mama hakulia, alikuwa akichuma masuke yaliyobaki, moja moja. Tukaongea huku nimeipa njia mgongo, maana Yeye alikuwa anakuja.

Yeye ni baba mkwe wangu. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake. Nikimsikia njiani najitupa migombani. Miaka tisa! Nakijua kikohozi chake na visigino vyake, basi. Kwetu ziwani mambo haya ni mepesi, lakini nimeolewa huku. Jina siliandiki hata hapa. Naandika Yeye, kwa herufi kubwa — mchungaji akiona atadhani nimezidi uchaji.

Nimemsikia akimwambia mama: "Kesho ataacha kula."

Nani? Mama akaendelea kuchuma.

Jumatatu, 6 Mei

Mikono bado inanuka. Niandike upesi.

Kulipopambazuka tulikuwa ukingoni mwa mto Mbaka. Kiboko dume kasimama kwenye matope akitafuna jasho la watu. Hatua themanini. Bwana kafuta miwani, kapiga ya ncha. Kapiga ya ncha tena. Mnyama kageuza kichwa tu, kama mtu aliyekatizwa kula. Ya tatu ikawa ya pua laini — na hapo mlio ukawa wa ajabu. Mbili kwa moja. Mdogo, na mwingine mnene uliotikisa tumbo langu.

"Mwangwi," kasema Bwana. "Milima."

Milima iko kule mbali, na sijawahi kusikia mwangwi ukitangulia sauti yenyewe. Ng'ambo ya mto, kwenye matete, moshi mweupe ukapanda taratibu.

"Ukungu," kasema Bwana.

Ukungu haunuki baruti.

Kiboko kazama. Saa nne kaibuka, tumbo juu. Watu zaidi ya thelathini wakamvuta kwa kamba za migomba na kelele. Nikampanda, nikaanza kazi. Ya ncha moja ilipita kwenye mafuta ya tako, ikatoka, ikaenda zake. Ya pili sikuiona popote — nadhani imefika nyika ya Ngana. Ya pua laini, wala alama. Lakini nyuma ya sikio la kushoto, upande wa ng'ambo, kulikuwa na tundu linalomeza kidole gumba. Nikaingiza. Mfupa wa shingo umevunjika. Ndani kabisa kitu cha mviringo, kizito, hakina koti. Nikakitoa ndani ya ngumi. Kigololi cha risasi, bado kina alama za nyundo.

Gobori!

Na anayegonga risasi zake kwa nyundo hivyo hapa Ndandalo ni mmoja. "Kesho ataacha kula." Kumbe Yeye alijificha kwenye matete akingoja Bwana apige, mlio wake ujifunike kwa wa Mzungu. Nilitaka kucheka. Nikakumbuka: tangu vita vya kusini, mwenye bunduki bila cheti cha boma anavikwa mnyororo na kupigwa hamsa ishirini, mijeledi ishirini na mitano. Na mjeledi wenyewe unakatwa kwenye ngozi ya mnyama huyu huyu niliyemkalia.

Bwana anakuja na kimizani. "Iko?"

Kigololi nikakitia shavuni.

"Iko, Neli?"

"Mm."

"Nzima?"

"Mm-mm."

"Jino linauma?"

"Mm!"

Kaniletea dawa ya jino, chungu kama nyongo, nikaimeza nikiwa na damu ya kiboko na risasi ya baba mkwe mdomoni. Alipogeuka kuikoroga ya pili nikatema kigololi kifuani, nikafungua pindo la nguo, nikaupaka ule uyoga wa Yohana damu, nikamkabidhi. Angalia, ni pua laini, ya tatu, ndiyo iliyoua!

Bwana kaishika kwa vidole viwili. Kainusa.

"Kwa nini inanuka kitunguu?"

"Kiboko wa mashambani, Bwana. Anakula kila kitu."

Kaandika hilo pia.

Jumanne, 7 Mei

Ambilikile nimemweleza. Kacheka mpaka kajilaza chini. Kwa baba yake kweli anaogopa, lakini ile ya kitunguu kaniomba niirudie mara tatu.

Bwana naye anafurahi. Barua ya kurasa nane imekwenda Mwaya kungoja meli. Kanieleza alichoandika: siku zote alidhani pua laini hufaa kwa wanyama wadogo tu, kwamba ikikutana na mfupa mkubwa huvunjika vipande kabla ya kufika popote. Sasa ameona kwa macho yake. Imevunja shingo ya kiboko!

"Wiki ijayo, Ngana," kasema. "Nyati. Pua laini tupu. Nitampiga usoni anapokuja. Ambilikile karibu nami."

Kicheko kikanikauka.

Mwezi wa tatu nilitoa pua laini kwenye bega la kiboko jike. Niliitoa kwa kijiko. Vipande kumi na kitu, hakuna kilichoingia ndani zaidi ya urefu wa kiganja. Jike yule aliishi siku mbili. Na nyati paji lake ni kama jiwe la kusagia. Akija, anakuja na ukweli wake wote, na atakayesimama pale na bunduki ya pili ni mume wangu.

Uongo ni wangu. Wa kitunguu.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia Ambilikile asiende. Kasema akikataa Bwana atauliza sababu, na sababu iko nyumbani kwa baba yake ndani ya paa. Hatukula.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimezungumza na kuku.

Nilikwenda kwa mama Marta. Yeye alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi, nasikia kikohozi. Siwezi kusema naye. Lakini hakuna aliyenikataza kusema na kuku, basi nikaketi uani, nikamwaga punje, nikapaza sauti:

"Wee kuku! Nilikutafutia uongo ili usishikwe. Sasa uongo unampeleka Ambilikile mbele ya nyati na risasi isiyofaa. Nikisema kweli, unaweza kushikwa. Nikinyamaza, kifaranga wako atakufa. Niambie!"

Mama Marta akatazama kuku, akatazama ukuta. "Kuku huyu ni mzee," kasema kwa sauti, "lakini masikio anayo."

Kikohozi. Kisha ndani Yeye akamwambia mbwa — nasema kweli, mbwa: "Umwambie kuku aende akaseme. Mpunga nilikuwa na haki nao. Lakini asiseme jina."

Mbwa hakuniambia. Nilisikia mwenyewe.

"Ndaga," nikamshukuru kuku.

Ijumaa, 10 Mei

Nimesema.

Nilisimama mbele ya meza nikasema upesi ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma: risasi ile ilitoka kwenye mchuzi. Ni ya nguruwe wa Jumamosi. Pua laini haikumgusa kiboko.

Bwana hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kavua miwani, kaketi. Macho yake bila miwani ni madogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Kurasa nane," kasema.

Kisha kainuka, kaenda kwenye kichwa cha kiboko kilichotundikwa kukauka na pingili za shingo. Kachukua ya ncha, kaitia kwenye tundu la mfupa. Ikacheza humo kama mbegu ndani ya kibuyu. Kaitoa. Kaitia tena. Nikaona uso wake unabadilika — hasira inatoka, kitu kingine kinaingia. Nakijua. Ni ile njaa yake ya kutaka kujua.

"Risasi kubwa. Ya mviringo. Gobori. Nani?"

"Siwezi kusema, Bwana."

"Unaogopa boma?"

"Jina siwezi kulitamka. Ni mwiko kwangu."

Kadhani namchezea. Kamwita Yohana. Yohana ni mtu wa kusini, Kinyakyusa chake kinaishia kwenye salamu, lakini mambo ya hapa anayajua kwa kuyacheka. Kasema: "Kweli, Bwana, hata ukimpiga. Yako majina wanawake hawa hawatamki."

"Majina ya nani?"

"La baba mkwe tu, Bwana."

Yohana kafunga mdomo kwa kiganja, amechelewa. Miye kwa kukataa jina nimelitaja! Lingekuwa jina jingine lolote ningekuwa nimelisema saa nyingi.

"Aje kesho," kasema Bwana. "Na bunduki yake."

Ambilikile katumwa Mwaya mbio, airudishe barua kabla ya meli.

Jumamosi, 11 Mei

Amekuja. Na bunduki, mchana kweupe, begani, kama jembe.

Bwana hajui Kinyakyusa. Yeye hajui Kiswahili. Ambilikile yuko njiani, Yohana kasema tumbo linamuuma. Nani atatafsiri? Nimejifunika nguo kichwani, nimeketi nyuma ya mkeka uliosimamishwa, uso kuelekea jikoni. Yeye naye, nasikia, kakaa akitazama mto. Bwana katikati anageuza shingo huku na huku.

"Kwa nini ulimpiga?"

"Amekula mpunga wangu. Ningempigia nini kingine?"

"Ulikuwa hatua ngapi?"

Yeye akahesabu kwa kunong'ona. "Kumi na mbili."

Kalamu ya Bwana ikaanguka. Niliisikia. Bwana huanzia themanini, na hapo mimi na Ambilikile tumeshachagua mti wa kupanda.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Ndiyo maana nilisogea." Kisha, sauti ikiwa imegeukia upande wangu: "Umwambie vizuri hilo, mwanangu. Kwa mbali mtu anaumiza. Kwa karibu anaua."

Mwanangu! Nikatafsiri, na mara moja nilikosea nikasema "hatua kumi na mbili za mwanangu." Bwana kaandika hivyo hivyo.

Wakaingia kwenye baruti, kipimo cha kiganja, uzito wa kigololi. Nilikitoa kifuani, kikapimwa. Saa mbili nzima! Wanaume wawili wanafurahi kuliko harusini, na kati yao mimi, koo limekauka.

Mwishoni Bwana kasema ataandika barua ya pili, ya kusahihisha. Ukweli lazima uandikwe.

"Wote, Bwana?" nikauliza.

Kasema tu kwamba Jumatatu twende Ngana wote, na mzee aje na gobori, anataka kuiona ikifanya kazi. Baada ya Ngana ataamua.

Ambilikile karudi jioni. Miguu imevimba. Meli iliondoka jana asubuhi. Kwa hiyo huko Ulaya wataamini kwamba kiboko wa Ndandalo aliuawa na mchuzi wa Yohana.

Jumapili, 12 Mei

Ibada. Nimeomba mambo mengi bila mpangilio. Mama Marta kanishika mkono muda mrefu.

Jioni nimepanga risasi za Bwana mkobani. Za ncha mbele, pua laini chini kabisa, chini ya soksi.

Jumatatu, 13 Mei, Ngana

Naandika juu ya kichuguu. Tumeambiwa tungoje.

Tulimpata mapema, dume mmoja peke yake, ukingoni mwa matete. Hatua sabini. Nikaona Bwana anafungua bunduki, na pua ya risasi iliyochungulia haikuwa ya ncha. Alikuwa amefukua mpaka chini ya soksi! Nikamvuta mkono. Akanong'ona: "Ya kwanza pua laini, kwa ajili ya kitabu. Ya pili ya ncha, kwa ajili yetu." Barua ya kusahihisha inahitaji ushahidi, kasema. Mtu huyu!

Yeye alisema kitu kwa Ambilikile. Ambilikile alimwambia Bwana: baba anasema tusogee. Bwana akatikisa kichwa.

Akapiga begani. Nilisikia risasi inavyopiga, kama kofi kwenye matope. Nyati kapiga goti moja. Ya pili haikupigwa, maana kabla bolti haijarudi kainuka, kaingia matete. Yakafunga nyuma yake kama mlango.

Nimeitwa kusoma damu. Ni kazi yangu. Risasi iliyopita inaacha damu pande zote mbili za njia. Iliyosimama ndani inaacha upande mmoja. Nimetazama mabua ya kulia: mekundu, chini ya kiuno. Ya kushoto: masafi, yana umande. Upande mmoja tu. Na si damu ya mapafu, haina povu. Imevunjikia begani juu juu, kama nilivyojua, na nyati ni mzima humo ndani na hasira zake.

"Andika," kasema Bwana. Uso umempauka, lakini mkono hautetemeki. Namstahi kwa hilo. "Pua laini, nyati, haikufika. Andika, Neli. Nilikosea."

Nimeandika kwenye la kwanza. Sasa naandika kwenye langu.

Kasema tungoje nusu saa, nyati alegee. Sasa kaketi chini ya kichuguu, ya ncha imo bundukini. Ambilikile bega kwa bega naye. Wote wawili wanakodolea matete pale alipoingia. Hakuna kinachotikisika. Hata ndege wamenyamaza.

Niko karibu na Yeye kuliko nilivyowahi kuwa. Hatua tatu. Sikujifunika. Nimemtazama — basi, nimemtazama. Ni mfupi! Masikio kama ya Ambilikile. Amekwisha kushindilia baruti.

Yeye hatazami matete. Ameketi ametugeuzia sote mgongo, anatazama njia tuliyokuja nayo, majani mafupi tu, yasiyoweza kuficha hata mbuzi. Namuuliza Ambilikile kwa ishara, baba yako ana nini. Ambilikile anageuka, anamwona baba yake alivyokaa, na rangi inamtoka. Midomo yake inasema bila sauti: nyati aliyeumia huzunguka, humrudia mwindaji kwa nyuma.

Bwana anataka saa iandikwe. Saa tatu na robo.

Yeye ameinuka. Bunduki iko begani. Imeelekea njia tuliyokuja nayo, si upande wa matete.